Safu ya Saba

Ekari nne na robo, Gezaulole,
kati ya ukuta wa ghala la saruji na mchanga wa pwani.
Nilisimama ukingoni na kalamu,
viatu vimeng'arishwa Posta asubuhi ile,
nikajaza safu ya saba:
Pori. Hakuna maendelezo.
Penye thamani nikachora kistari.

Mjumbe, Bi Chausiku Pazi, hakubisha.
"Jina la hapa unalijua maana yake?
Jaribu uone. Haya, inama, mwanangu.
Njia ipo, ila haikukatwa kwa kimo chako."

Nikainama chini ya mkwamba,
mkoba wangu ukinaswa na miba
kama mtoto anayegoma kutoka dukani.
Ndani, ubaridi.
Ubaridi wa mtungi uliowekwa nyuma ya mlango,
na jua limechenjiwa sarafu sarafu
juu ya majani makavu.
Malori ya saruji niliyasikia bado,
lakini kama habari za ukoo mwingine.

"Hapa ndipo Siwema alisomea mtihani,
mwaka ule chumba chao kililala watu tisa.
Mzizi wa mkunga uko kule. Sikuonyeshi upi.
Na masika ya mwaka juzi maji yalishuka
yakiulizia nyumba zetu moja moja,
yakapita humu, yakanywewa.
Asubuhi magodoro yakavu,
tukamsifu fundi aliyejenga kuta."
Akacheka peke yake.

Sange alikatiza mbele yetu,
pua ndefu ikiihoji ardhi,
hana nafasi na mimi.

Watoto wawili walikuwa wakiangua mabungo.
Kuona kitambulisho shingoni, wakatimua mbio,
kisha mmoja akarudia kandambili yake.
Nikamuuliza: pori hili la nani?
Akanitazama kama niliyeuliza
bahari hufungwa saa ngapi.
"Letu."
Akafikiri. Akaona si haki.
"Na la komba."

Miaka kumi na minne nathamini.
Mnazi unaozaa, mnazi ambao haujazaa,
choo cha shimo, banda la kuku,
hata kaburi lina bei, limo kwenye jedwali.
Sikuona jedwali la kivuli kisichopandwa na mtu.
Sikuona kizio cha maji
ambayo hayakuingia ndani.

Bi Chausiku alinipa bungo moja la njiani.
Nililila ndani ya gari la ofisi, fomu mapajani,
uso umekunjamana kwa uchachu, 
mbegu nikizinyonya moja moja kama mtoto wa shule.

Fomu imerudishwa.
Mkuu wangu ameandika kwa wino mwekundu:
Safu ya saba ina doa la njano. Haisomeki. Jaza upya.

Wiki ya tatu leo.
Karatasi mpya iko mezani,
safu sita nimezimaliza.
Kila nikisogeza miguu
mchanga unalia ndani ya viatu.