Kuhesabu Siku

Kiwanda cha vioo kilipozima tanuri la mwisho
nilikuwa na miaka hamsini na mmoja,
makovu saba viganjani,
na barua ya shukrani iliyokosea jina langu:
Kubiak wameandika Kubick.
Sikuhitaji mwalimu kunifunza
kwamba herufi moja yaweza kumfuta mtu.

Chuo cha jioni, Toledo, chumba cha kumi na nne.
Bomba la joto linagonga kama mdai mlangoni.
Bi Hargrove, karani mstaafu wa mahakama,
hakutusalimu. Aliandika ubaoni:
*Notisi imepokelewa Ijumaa. Una siku tatu. Zinaisha lini?*
Tukacheka. Nani asiyejua kuhesabu hadi tatu?
Tukakosa darasa zima,
hata Tyrell, kijana mwenye kompyuta mpya.
Siku ya kupokea haihesabiwi, alisema.
Jumamosi haimo. Jumapili haimo.
Sheria ina kalenda yake, na ninyi
ndio mtakaolala nayo chini ya mto.

Miezi kumi na minane nilijifunza
kuandaa hati nisiyoruhusiwa kuitia saini,
kujua jibu nisiloruhusiwa kulitoa.
Mteja akikuuliza, nifanye nini?
sema, nitamuuliza wakili.
Hata kama jibu li ncha ya ulimi. Limeze.
Nilimeza.
Lina ladha ya sarafu.

Usiku nilipanga kadi mezani
kati ya kopo la chumvi na bili ya gesi:
kiapo, kielelezo, hati ya wito, zuio.
Dada yangu Wanda akauliza, na mshahara?
Nikamtajia. Akamenya viazi viwili vizima
ndipo akasema, ni pungufu ya zamu ya usiku kiwandani.
Kiwanda kipi? nikamjibu.

Maombi arobaini na moja.
*Uzoefu wa miaka miwili. Uzoefu wa miaka mitatu.*
Wanataka ndoo iliyokwisha kulowa
kabla haijateremshwa kisimani.
Tyrell akaniandikia: siku hizi kuna programu
inayosoma mikataba elfu chai haijapoa;
yeye kahamia kozi ya mitambo ya kupoza hewa.
Sikumlaumu. Mashine naijua,
nilimpa mgongo wangu miaka ishirini na sita
akaja mwingine asiye na mgongo.

Aliyenichukua ni wakili Feldkamp,
ofisi juu ya duka la fundi viatu,
harufu ya gundi ikipanda ngazi pamoja na wateja.
Hakuuliza cheti. Aliuliza, kiwandani ulifanya nini?
Nilikuwa mkaguzi, nikasema.
Nauona ufa kabla haujawa ufa.

Wiki ya tatu akaja Bi Wadad Kattouf,
notisi ya kuhama kaikunja mara nane
hadi ikawa ndogo kama hirizi.
Nitalala wapi? akaniuliza mimi, si wakili.
Nikameza. Sarafu ile ile.
Kisha nikaikunjua karatasi, mkunjo kwa mkunjo:
imepokelewa Ijumaa.
Kesi imefunguliwa Jumanne.
Nikahesabu kwa vidole vyenye makovu.
Nikahesabu tena, nisije nikawa nimependa jibu tu.
Nikabandika kijikaratasi cha njano
pembeni mwa tarehe.

Mahakamani wakili alisimama,
akasema sentensi moja. Hakimu akaivuta notisi karibu,
akasogeza midomo kama mtoto wa darasa la kwanza,
na kesi ikatupwa.
Bi Kattouf akampa wakili mikono yote miwili.
Kumbukumbu za kikao zina majina sita.
Langu halimo, na ndivyo inavyopasa.

Mwenye nyumba atarudi.
Safari hii atahesabu sawasawa.
Nimefungua kalenda, nimetoa Jumamosi,
nimetoa Jumapili, nimepiga simu
kwa nyumba nne za kupangisha.
Ya tano wanapokea.
Nawatajia jina la mteja, herufi kwa herufi:
T mbili, nasema. Andika T mbili.