Gunia Juu ya Taa

Huku Wales, kwenye stesheni isiyo na treni,
reli ziling'olewa mwaka aliozaliwa Mererid.
Zimebaki kokoto, nyasi za kufika kiunoni,
na ukuta wa mawe ya chokaa ambao konokono huulamba.

Hapo ndipo wanapoishi.
Miaka miwili, mtoto wa kimetameta
hutembea usiku kama mkaguzi wa tiketi,
hufuata ute hadi mlangoni kwa konokono,
humuuma kidogo, husubiri, humuuma tena,
mpaka nyama igeuke mchuzi.
Hunywa. Hujipangusa uso kwa mkia wake.
Baridi ikija hulala chini ya jiwe,
na hakuna anayemtungia shairi.

Akishakuwa mtu mzima, hali tena.
Jike hana mabawa. Hupanda unyasi mmoja,
huupinda mkia juu, na kuuwasha:
kijani kisicho na joto,
kama kitaa cha redio iliyosahauliwa chumba cha pili.
Kizuri chajiuza; yeye haendi popote.
Anayejitembeza ni dume, kichwa chote macho,
akilisoma giza mstari kwa mstari.

Kisha baraza la wilaya likatuletea taa,
nyeupe kama jino la bandia,
mbele ya stesheni asikopita mtu.
Mererid alihesabu kwa kalamu ya risasi, nyuma ya bili ya maji:
Julai, majike kumi na saba wanawaka.
Madume arobaini chini ya nguzo,
chali, miguu juu.
Walikwenda kuposa chuma.

Akapanda ngazi, na magoti yake yale,
akaivisha taa gunia la chakula cha kondoo.

Malalamiko yalikuwa yangu, nakiri.
Nyumba yangu ni ya tatu kutoka pale,
na nilishaizoea ile taa kwenye tundu la ufunguo.

Akaja fundi, kijana, Ithel,
na gari la njano na fomu. Nami nikamfuata nyuma,
nikione anavyokaripiwa yule mama.
"Nani kafanya hivi?"
"Mimi. Zima tochi."
Akazima, labda kwa adabu tu.

Tukasimama. Hakuna kitu. Nikapiga chafya.
Halafu mmoja, karibu na kiatu changu.
Halafu tuta zima.

Mmoja akazimika ghafla.
"Imeungua?" akauliza Ithel, kifundi.
"Ameolewa," akajibu Mererid.
Usiku huo huo angetaga, shinani, kwenye unyevu,
na Ijumaa isingemkuta.

Ithel aliandika juu ya boneti, gizani,
herufi zikipandana:
*Nguzo 31. Hitilafu haikuonekana.*
Kisha akapanda ngazi
akaikaza kamba ya lile gunia.

Siku hizi lango langu nalipapasa.
Nimeshajua lilipo kutu.