Vumbi la Pongwe

Korona ya Ngomeni ikianza kula mkonge
bati la banda hutetema, kucha za miguu hutetema,
na Shekiondo, aliyeilisha majani miaka kumi na tisa,
huondoka nayo mikononi hadi nyumbani:
chai humwagika kabla ya kufika mdomoni.

"Itilie mpira chini," aliniambia.
Nikautia. Mpira mtupu, mweusi, mlaini.
Mashine ikarukaruka juu yake
kama mtoto kwenye kitanda cha wageni.

Basi nikaenda Pongwe na gunia.
Vumbi la mawe ya chokaa, nikalichekecha mara tatu
kwa kanga niliyoolewa nayo,
nikalikanda ndani ya mpira kabla haujaiva.
Moja kwa kumi. Bakuli la maji juu ya fremu:
viwimbi vikapungua.
Moja kwa tano: maji yakasinzia.

Hapo tamaa ikaniingia. Nusu kwa nusu.
Vumbi likakosa pa kulala, likashikana madonge,
mpira ukawa jiwe lenye jina la mpira,
na jiwe halimezi kitu,
hupokea kwa mkono huu, hupitisha kwa ule.
Bakuli lilitembea lenyewe hadi ukingoni.
Shekiondo hakusema neno. Alifagia vigae.

Nikarudi kwenye moja kwa tano, safari hii kwa ulanga,
magamba membamba yanayong'ara hata kwenye kope.
Punje ya chokaa ni mviringo, mpira huizunguka ukapita.
Gamba limejilaza juu ya gamba;
mtikisiko ukija, hili linasogea, lile linakataa,
mpira uliobanwa kati yao unavutwa huku, unavutwa huko,
na katika kusuguana huko nguvu inachoka.

Inachoka tu, haifi. Nilimshika kiganja nikakiweka:
ule mpira ulikuwa na joto,
joto dogo, la yai lililotagwa sasa hivi.
"Kumbe ndiko inakokwenda," akasema,
na hakuuondoa mkono upesi.

Wiki ya pili alinifuata karakana, Ngamiani.
Mikono je?
"Imetulia. Ila usiku silali, mwanangu.
Kitanda kimenyamaza mno."

Kwa hilo sina vumbi.
Nikammiminia kikombe hadi juu kabisa, kwa makusudi,
akakinyanyua, akanywa.
Kisahani kilibaki kikavu.