Uzi wa Utumbo

Endel, fundi wa fidla wa Tartu,
usiku wa kuamkia kisu uliniambia
nyuzi za kale zilisokotwa kwa utumbo wa kondoo:
ukaoshwa, ukapindwa, ukaanikwa,
kisha ukaimba miaka mia.
"Na wangu," ukauliza, "utaimba?"
Nikacheka. Sikuwa na jibu.

Walikata shubiri nzima. Wakaunga.
Jioni ileile nikaja na viatu vyako.

Ulinitazama kama unayemtazama mwizi.
Baba yako, ulisema, katika hospitali hiihii,
alilazwa chali siku tisa,
mrija puani, midomo imepasuka kwa kiu,
daktari akisema tumbo lipumzike.
Likapumzika.
Naye akapumzika nalo.

Mimi nakwambia: amka.
Keti kwanza. Miguu sakafuni. Pumua.
Hatua kumi na nne hadi dirishani,
theluji ikidondoka juu ya mto Emajõgi.
Mimi nilihesabu hatua, wewe matusi.

Chai nusu kikombe. Bigijii ya mnanaa,
ukaitafuna kwa hasira, mzee wa miaka sabini na mmoja,
kama mvulana aliyetolewa darasani.
Wapo wasemao taya hulidanganya tumbo:
chakula kinakuja, jiandae.
Sijui. Nimeyaona yakidanganyika, na yaliyokataa.

Siku ya pili, kimya.
Nikaweka stetoskopu chini ya kitovu,
nikasikia kisima kikavu.
Ukatapika supu, ukanitupia jicho: si nilikwambia?
Nikaingia choo cha wauguzi,
nikanawa uso mara mbili.

Alfajiri ya tatu kengele yako ikalia.
Nikakimbia, slipa moja ikabaki koridoni,
nikakukuta umeketi mwenyewe ukingoni mwa kitanda,
kidole juu, kichwa upande,
kama unayesikiliza uzi ukikazwa.

Ukatoka.
Mrefu, mzito, usio na haya.
Bwana Rein wa kitanda cha pili akapiga makofi.
Mezani kwa mama yangu, ushuzi ule ungekufukuza nyumba;
humu niliuandika kwenye chati, na saa yake:
kumi na moja na dakika ishirini.

"Sol," ukasema. "Imeshuka kidogo."

Kisha ukaomba viatu.
Cha kushoto hakikuonekana.
Ukaenda na slipa yangu.