Farasi wa Ziada

Jalmari alinijia Novemba, theluji ingali changa,
gari lake jipya, deni lake jipya zaidi.
"Kerttu," akasema, "nasikia humu ndani
mna farasi waliofungiwa."

Kweli wamo. Kiwanda huwafunga.
Injini ile ile huuzwa kwa bei mbili:
ya chini ina farasi mia na hamsini,
ya juu ina mia na tisini,
na tofauti yake ni kufuli la tarakimu,
namba ambazo hazijazi ukurasa.
Mimi sichongi chuma. Mimi nafungua zizi.

Ila kabla ya kufungua nilimpa karatasi.
Iliandikwa na mwanasheria wa hapa Tampere
aliyenitoza kwa saa na kunywa kahawa taratibu.
Inasema: dhamana ya kiwanda yaweza kukutoka.
Inasema, kwa maneno marefu: ukija kulia, lilia nje.
Jalmari alitia sahihi huku akitazama dirishani,
kama mtu anayepokea kifurushi.

Akalipa euro mia sita.
Toa leseni ya programu. Toa kodi.
Toa mkopo wa mashine ya kupimia nguvu,
ile ya magurudumu ya chuma sakafuni,
inayokula niwe na wateja nisiwe nao.
Toa bima, inayopanda kila Januari
kwa sababu asiyoijua hata anayeiuza.
Kilichobaki kinanunua matairi mawili.
Yaliyotumika.

Februari, nyuzi ishirini na sita chini ya sifuri,
barabara ya Jyväskylä: moshi mweupe,
pistoni ya tatu imepasuka.
Akaja usiku, gari likiwa juu ya lori.
"Wafungie tena. Rudisha namba za kiwandani,
kesho nampelekea wakala, nitajifanya sijui."

Nikamwambia: kompyuta ina kaunta.
Kila mkono unaoiandika, inauhesabu.
Namba naweza kurudisha,
hesabu siwezi.

Hakuniamini. Akampata kijana mwingine, mahali pengine.
Bi Saarela wa kwa wakala akachomeka waya,
akapiga funda la chai, akasema: "Mara tatu."
Ya kwanza kiwanda. Ya pili mimi.
Ya tatu aibu.

Dhamana ikaondoka bila kuaga.

Injini mpya, euro elfu saba.
"Wewe ndiye uliyeiua," akanipigia kelele simuni,
nami karatasi ninayo, sahihi inasomeka,
mwanasheria anasema nilale usingizi.

Sikulala. Nilifungua vipimo vya Novemba.
Silinda ya tatu: mstari wake unatetemeka kidogo,
kama mwandiko wa mtu mwenye baridi.
Sindano ya mafuta ilikuwa ikidondosha
tangu ilipotoka kiwandani.
Na mimi niliuona ule mtetemeko.
Nilijiambia, ni baridi tu.
Nje kulikuwa na gari lingine linasubiri.

Basi kiwanda kilikosea, mimi nikanyamaza,
yeye akadanganya. Theluthi, theluthi, theluthi.
Lakini hakuna ofisi inayopokea theluthi.

Niliipata injini Seinäjoki, ya gari lililogonga paa-pori,
euro elfu mbili na mia nne. Nililipa mimi.
Kuifunga tulifunga wawili, Jumamosi nne,
yeye ameshika taa, anainamisha pale nisipotaka,
hatuzungumzi ila majina ya spana.

Ilipowaka akatega sikio.
"Wamo?"
"Wamo."
"Wamefungwa?"
"Wamefungwa."
Akatikisa kichwa, akaenda zake
kwa mwendo wa mtu anayepeleka mayai.

Mei akapiga simu. Anauliza tu, anasema, anauliza bei.
Nikaivuta karatasi kutoka kwenye droo.
Chini ya maneno ya mwanasheria,
kwa kalamu ya wino, nilikuwa nimeongeza mstari:
*Nikiona mtetemeko, nitasema.*
Na pembeni yake, mahali pa sahihi,
pa kwangu.