Ng'ambo ya Songwe

Nyumbani Karonga walisema nimekwenda ng'ambo.
Na kweli ni ng'ambo: mto uko katikati,
ingawa kiangazi mtu huuvuka
viatu mkononi, sigara mdomoni haijazimika.
Mimi nilipita darajani, kwa heshima ya mkataba:
Msaidizi wa Mwalimu wa Kiingereza, miezi kumi,
chumba, godoro, ndizi za bure.

Kasumulu afisa aligonga muhuri, akauliza
nakwenda kumfundisha nani.
Nikasema, Tukuyu.
Akanirudishia pasi: "Una sweta?"

Mvua ya Tukuyu haiji; ipo.
Inakaa darasani kama mwanafunzi aliyerudia mwaka,
inapiga bati mpaka silabi zinalowa,
nami napaza sentensi moja mara tisa
na wao wanairudisha, watoto sitini na wanne,
ikiwa imepungua kitu.

Mkuu wa shule, Mwakibinga,
alikuwa ameandika getini kwa rangi nyekundu:
TUNAYE MWALIMU WA KIINGEREZA KUTOKA NJE YA NCHI.
Wazazi waliacha chai shambani kuja kunitazama.
Mmoja, buti zake zina tope la Katumba,
alinizunguka kama mnunuzi mnadani,
akamnong'oneza mkuu:
"Wa nje ndiye huyu? Mbona ana pua ya shangazi yangu?"
Kwa Kinyakyusa alisema.
Nilielewa kila neno.
Kwetu tunakiita Kingonde, na pua ni pua.

Hilo nililificha. Mkataba haukuuliza.
Nikawa mgeni kwa bidii:
nikiamkiwa "Ugonile" natabasamu kama kiziwi,
sokoni nanunua viazi kwa vidole,
nasikia bei yangu ikipangwa mbele ya macho yangu,
nalipa.

Nilikuja kunyoosha ndimi.
Nikazikuta zimepinda palepale ulipopinda wangu,
L na R zikibadilishana viti
kama watoto mwalimu akigeukia ubao.
Nani angenisahihisha? Nikaiita lafudhi, tukaendelea.

Kulikuwa na kibao. Kipande cha mkaratusi, kamba ya katani,
kilivikwa shingoni mwa aliyenaswa
akisema lugha ya mama yake.
Jioni aliyekuwa nacho alifagia.
Kukitunza ilikuwa kazi ya msaidizi,
na nilikitunza. Ambakisye mara nne.
Tusekile mara moja, siku alipoumwa na nyuki.
Nani huumwa na nyuki akalia kwa lugha ya kigeni?
Lakini nilikivisha.

Mwezi wa tano, Lusubilo wa kidato cha kwanza
alisimama kujibu swali la wakati uliopita.
Bibi yangu, alianza, kwa Kiingereza safi,
kisha kitenzi kikamkwama.
Sote tulijua bibi alizikwa Jumamosi.
Kitenzi chenyewe nilikuwa nimekiandika ubaoni,
kile kisichofuata kanuni, safu tatu.
Akakitazama. Hakukichukua.

Nikaenda mpaka dawatini kwake
na mdomo ukafunguka bila ruhusa yangu,
ukatoa maneno ya mama yangu, mapana, ya kilioni,
yale tunayosema tukiwa tumekaa chini
juu ya majani ya migomba.

Darasa likanyamaza. Hata bati.
Kisha Ambakisye, mwenye kibao siku ile,
akakivua polepole, akaja mbele,
akasimama akisubiri niiname.

Niliinama.

Jioni nilifagia. Walinishikia madawati,
wakiuliza kwetu ni wapi hasa, ukoo gani,
na mgomba, kwetu, unaitwaje.
Nikataja. Wakacheka mpaka wakakaa chini.

Mkuu alipita na mwavuli. Alitazama kifua changu,
akatazama geti lake na rangi yake nyekundu,
akasema, kwa Kiingereza, kwamba mvua itarudi.

Ilikuwa kweli. Na kitenzi kilikuwa sahihi.