Kinu na Bomba

Kinu bado hakijajengwa.
Kipo karatasini, na kwenye vigingi arobaini
vilivyofungwa utepe mwekundu kati ya mpunga na mto Nyando,
na mbuzi wa kina Nyangweso wameshakula tepe tisa.
Bomba lipo.
Limelala hapa tangu kabla sijazaliwa,
mita moja na nusu chini ya miwa,
likipeleka petroli Kisumu usiku na mchana
bila kumsalimu mtu.

Kazi yangu ni kupima kati ya viwili hivi,
kilichopo na kitakachokuwapo.
Nikapata mita elfu moja mia mbili na kumi na nne.
Nikaandika. Namba ikatulia
kama kuku aliyefungwa miguu.

Kisha maswali ya fomu.
Bomba likiwaka, moto utafika wapi?
Hautafika. Ukuta wa kinu ni mnene, nimehesabu.
Likilipuka, kishindo kitabakisha nini?
Vioo vya shule vitakwenda. Kinu kitabaki.
Likivuja tu, kimyakimya, alfajiri isiyo na upepo?

Hapo kalamu ilisita.
Maana mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa;
haupai, hutambaa,
hushika mitaro ya mpunga kama mgeni aliyeelekezwa njia,
hutafuta bondeni, na bondeni ndiko tulikochora kinu,
ndiko matundu yatakakowavutia pumzi watu wa zamu.
Nyanya yangu alitwanga mtama;
kinu alichokijua, mchi wake ulionekana ukishuka.
Hiki changu mchi wake unapita chini ya ardhi.

Oguya hulinda njia ya bomba,
kilomita saba kwenda, saba kurudi,
mwaka wa kumi na nane huu, jozi ya sita ya gambuti.
Ana panga, ana daftari la shule,
na kila siku neno moja: Salama. Salama. Salama.
Nikafunua hadi Aprili ya mafuriko, nikakuta: Harufu.
Kesho yake: Salama.
Harufu ilikwenda wapi?
Akatazama mto. "Walikuja wakaziba.
Wengine walitangulia, na madumu."

Nikamwambia, kwa hesabu zangu
ajali ya namna hii ni mara moja katika miaka milioni kumi.
Akavua gambuti, akakung'uta mchanga.
"Sawa. Mwaka wenyewe ni upi?
Ule wa mwisho, ama huu?"

Sikuwa na jibu. Akanipeleka ukingoni
vijana wanakochimba mchanga wa kuuza Ahero,
lori baada ya lori,
na pale mto ulipoliwa ubavu nikaliona:
mgongo mweusi wa bomba, uchi,
na kijana mmoja, Ojwando, amelikalia akila mandazi,
koleo limeegemea paja lake.
Shuka hapo, nikasema.
"Ni baridi, dada. Weka mkono uone."
Nikaweka.
Mtetemo mdogo, kama wa paka aliyeshiba.

Usiku, chumba cha kukodi Ahero,
taa inakatika, inarudi, inakatika,
ndiyo sababu tunakitaka kinu, sisahau,
mtoto wa jirani anasomea mwanga wa simu
na mimi pia.
Fomu ina safu ya kutu.
Ina safu ya tetemeko, ya radi, ya ndege kuanguka.
Haina safu ya koleo.
Haina safu ya kijana anayelipwa kwa lori,
wala ya neno moja la Aprili katika daftari
ambalo hakuna aliyewahi kuliomba ofisini.

Nikachora safu kwa mkono, imepinda kidogo.
Kisha nikarudi kwenye ile milioni kumi,
nikaitazama kwa muda,
nikafuta sufuri tatu.

Mhandisi mkuu atauliza zimekwenda wapi.
Nitamwambia: mtoni,
zimepakiwa na mchanga.